Mti wa Mnyoo, Mti wa Konokono

Jumanne, 3 Juni 2025, Mwanza

Sampuli za watoto wa shule za Ukerewe zimeshuka na meli ya asubuhi. Nimeosha kinyesi kwa maji ya chumvi ili mayai ya Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha utumbo, yasianguliwe kabla ya wakati, nikachuja, nikabakiwa na mashapo. Kisha nimeyamwagia maji yasiyo na chumvi na kuyaweka kwenye mwanga wa dirishani. Haikuchukua muda, mirasidia, yaani viluwiluwi wa mnyoo, wakaanza kutoka. Chini ya darubini wanaonekana weupe, wanakwenda mbio kama waliotumwa. Wana saa chache tu za kumpata konokono, vinginevyo wanakufa. Leo hawakumpata konokono. Wamekutana na pipeti yangu. Kila mmoja nimemnyonya peke yake na kumdondosha kwenye kadi ya karatasi inayotunza DNA bila friji.

Wazazi wao hawafikiki. Wamo kwenye mishipa midogo ya damu inayozunguka utumbo wa mtoto, jike kajilaza ndani ya mkunjo wa mwili wa dume, na huweza kukaa hivyo kwa miaka. Ukoo wao tunausoma kwa watoto wao. Hapo pana mtego: nikichukua mirasidia wengi kwa mwanafunzi mmoja, huenda nikapata ndugu wa tumbo moja, na ndugu hao watanipa ushahidi uleule mara nyingi. Ndiyo maana msimamizi wangu anashikilia kwamba wanafunzi wawe wengi na mirasidia wa kila mwanafunzi wawe wachache.

Ijumaa, 6 Juni

Mifuatano ya kwanza imetoka. Jeni ya cox1, mamia ya herufi A, T, G na C kwa kila mirasidia. Nimeipanga mistari chini ya mistari na kutafuta panapotofautiana: herufi hapa, herufi pale, halafu kimya kirefu cha kufanana.

Niandike hili nisije nikalisahau siku ya kutetea tasnifu. Cox1 imo kwenye mitokondria, hurithiwa kwa mama peke yake, na hubadilika haraka, kwa hiyo inafaa kutenganisha jamaa wa karibu. Vipande vya ITS viko kwenye kiini cha seli na hutoka kwa baba na mama. Ushahidi wa mama ukisema aina moja na wa wazazi wote wawili ukisema nyingine, umemkamata chotara.

Hivyo ndivyo walivyokamatwa wa Corsica. Watu waliooga mto Cavu, katika kisiwa hicho cha Ufaransa, mwaka 2013 walikutwa baadaye na kichocho cha mkojo, na walikipata palepale mtoni, si Afrika. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba miongoni mwa minyoo hao walikuwemo machotara wa Schistosoma haematobium, wa binadamu, na Schistosoma bovis, wa mifugo, na kwamba jamaa zao wa karibu wako Senegal. Konokono wa Bulinus walikuwa wakiishi mtoni humo. Alichokosa mnyoo ni mtu mmoja tu aliyeambukizwa kwingine na kuja kukojoa pale.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshinda maktaba na suala la mzizi wa mti wa ukoo: minyoo hawa walianzia wapi. Nilipokuwa chuo nilichukulia kwamba kichocho ni chetu tangu asili. Afrika ina aina nyingi za Schistosoma, na Bilharz, daktari aliyeigundua minyoo hiyo, aliiona Cairo mwaka 1851, kwenye maiti. Ilikuwepo hata nadharia kwamba jenasi hii ilizaliwa katika bara la kale la Gondwana, kisha ikapelekwa Asia juu ya mgongo wa India ilipokuwa ikisogea kaskazini. Ni nadharia ya kupendeza. Jeni hazikuikubali.

Mwaka 2000 Snyder na Loker walipolinganisha mifuatano ya jamaa wa familia hii, Asia ndiyo iliyojitokeza kuwa chimbuko. Mwaka 2003 Lockyer na wenzake walitumia jeni tatu na kufika kulekule: matawi ya chini yako Asia, minyoo wa Afrika ni chipukizi la baadaye.

Kilichonishawishi zaidi ni ushahidi wa aina nyingine. Acha herufi, tazama jeni zenyewe zilivyofuatana ndani ya mitokondria. Kwa minyoo ya Asia, kama S. japonicum na S. mekongi, mpangilio wake unafanana na wa minyoo bapa wengine. Kwa S. mansoni wa Afrika umevurugwa, jeni zimehama mahali pake. Herufi moja inaweza kubadilika, ikarudi, ikabadilika tena kwenye koo mbili zisizojuana. Jeni nzima kuhama ni tukio la nadra. Ukiukuta mpangilio wa kale Asia na mpangilio mpya Afrika, ni vigumu kusema kwamba safari ilianzia huku.

Msimamizi kasoma rasimu yangu, akaandika pembeni: "Mti ni wa nani? Mnyoo hatembei." Sijamjibu.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimeshuka ufukweni, nikaokota magamba kwenye matope kati ya mafunjo. Biomphalaria: gamba bapa, limejisokota kwenye usawa mmoja, upana wake haufiki hata sentimita mbili. Kwenye ziwa hili wapo wa pembezoni penye majani, B. sudanica, na wa maji ya wazi, B. choanomphala. Wote wawili wanambeba S. mansoni.

Sasa naelewa maandishi ya pembeni. Konokono huyu naye ana mti wake, na mti huo unashangaza kuliko wa mnyoo. Jeni za Biomphalaria zinaonyesha kwamba jenasi ilianzia Amerika. Aina zote za Afrika zimetoka kwenye tawi moja, na jamaa yao wa karibu ni B. glabrata wa Amerika ya Kusini. Makadirio ya mwaka 2001 yanaweka kuvuka kwao bahari kati ya miaka milioni 2 na milioni 5 iliyopita. Walivukaje? Wanaotafiti wanataja miguu ya ndege na magugu yaliyong'olewa na mito. Konokono hawa wanaweza kujizalisha wenyewe, kwa hiyo mmoja tu angetosha kuanzisha ukoo.

Maana yake kwa mnyoo ni nzito. S. mansoni hawezi kumaliza maisha yake bila Biomphalaria. Basi hakukuwa na S. mansoni barani Afrika kabla ya konokono huyo kufika. Mti wa mnyoo peke yake usingenipa mpaka huo. Nimeupata kwenye mti wa konokono.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nasoma safari ya kurudi, ya mnyoo kwenda Amerika. Utafiti wa Morgan na wenzake wa 2005, kwa jeni za mitokondria, na ule wa Crellen na wenzake wa 2016, kwa jenomu nzima, vinakubaliana katika mambo mawili. Kwanza, utajiri wa tofauti uko Afrika Mashariki. Mahali ambapo ukoo umekaa muda mrefu, tofauti hujilimbikiza. Wachache wanaohama huondoka na sehemu ndogo tu ya urithi. Kwa hiyo S. mansoni anaonekana kuanzia upande wetu huu, kisha kusambaa barani. Pili, minyoo wa Amerika ni watoto wa Afrika Magharibi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: mnyoo wa Guadeloupe ukimsoma herufi zake, unakuta ndugu zake Senegal na Cameroon.

Aliwapeleka nani? Mnyoo alikuwa kwenye mishipa ya watu waliofungwa minyororo na kushindiliwa ndani ya merikebu. Wengi wao waliandikwa kama mzigo, bila majina. Ushahidi wa njia waliyopitishwa umebaki hata ndani ya mdudu aliyewanyonya damu. Sijui kama nina haki ya kuliita jambo hilo "la kuvutia", nimelifuta kwenye rasimu.

Kisha konokono tena. Merikebu zilezile bila shaka zilibeba pia S. haematobium, kwa kuwa kichocho cha mkojo kimejaa Afrika Magharibi. Lakini leo Brazil na visiwa vya Karibi vina historia ya S. mansoni tu. Mnyoo wa mkojo anamhitaji Bulinus, na kule hakukuwa na Bulinus wa kumpokea. Mnyoo wa utumbo alimkuta B. glabrata, jamaa wa konokono aliyemwacha nyumbani. Mamilioni ya miaka nyuma konokono alivuka kuja huku. Mnyoo akamzoea huku. Akavushwa kwenda kwenye chimbuko la konokono, akakuta kila kitu tayari.

Upande wetu wa Pwani kuna fumbo jingine. Mwaka 2012 Webster na wenzake walipima cox1 ya S. haematobium na kupata makundi mawili. La kwanza limetapakaa bara zima na kufika hata visiwani. La pili liko kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi, Zanzibar ikiwemo, na kwenye mwambao unaovikabili. Mtu wa Pwani atasema mara moja: majahazi. Huenda. Ila ramani ya makundi mawili haisemi nani alimbeba nani, wala lini.

Jumatatu, 23 Juni

Kikao cha maabara. Nimewasilisha saa ya jeni na nimebanwa vizuri.

Wazo lenyewe ni jepesi: ikiwa herufi hubadilika kwa kasi fulani, hesabu tofauti kati ya koo mbili, gawanya kwa kasi ya koo zote mbili kwa pamoja, upate muda tangu zilipoachana. Ugumu uko kwenye kasi. S. mansoni na S. rodhaini, ndugu yake wa panya, waliachana lini? Utafiti wa 2005 unasema kati ya miaka 300,000 na 430,000 iliyopita. Ule wa 2016 unasema kati ya 107,500 na 147,600. Hakuna hata sehemu inayoingiliana! Kila upande ulikuwa na vipande vyake vya DNA na kasi yake iliyokubaliwa kabla ya kuanza hesabu.

Waandishi wa 2016 wanaona kwamba kipindi chao kinaangukia kwenye ushahidi wa kale kabisa wa uvuvi Afrika. Kwa sisi tunaokaa na wavuvi, hoja hiyo inaingia akilini haraka: binadamu akazoea kuingia majini, mnyoo wa panya akapata mwili mpya. Nilitaka kuifanya kiini cha sura yangu. Mwenzangu mmoja akauliza: ukitumia tarehe za 2005, bado utawataja wavuvi? Basi imebaki aya moja.

Hata kuvuka Atlantiki, jeni zinatoa nafasi ya kati ya mwaka 1117 na 1742. Sehemu ya biashara ile ya watumwa inaingia humo, lakini kilichotuwezesha kuitambua ni vitabu vya historia na ramani ya konokono. Kanuni nimeiandika kwa wino mwekundu: umbo la mti nitalitetea, tarehe nitazitaja pamoja na kasi iliyozizaa.

Jumamosi, 28 Juni, Ukerewe

Nimerudi kwa sampuli za ziada. Mwaloni, mama mmoja alikuwa akigeuza dagaa juani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanihoji mwenyewe.

"Daktari, mnachukua vinyesi vya wanetu kila mara. Mdudu mnamjua, dawa ipo. Sasa ukoo wake wa nini?"

"Mama, mwanao alishameza dawa shuleni?"

"Kameza mwaka jana, na mwaka huu kameza. Na bado mmemkuta nao."

Nikamweleza kwamba dawa inaua minyoo iliyo mwilini, haimzuii mwingine kuingia mtoto akirudi majini. Tukijua minyoo wapya ni wa ukoo wa palepale, tutajua walibaki kwenye konokono na watu wa mwalo huu. Wakiwa wa ukoo wa mbali, watakuwa wameletwa na watu kutoka mialo mingine, na kutibu shule moja hakutatosha.

"Na kama si watu?" akaniuliza. "Hapa panya wanaogelea kuliko watoto."

Nilitaka kucheka, nikanyamaza. Kenya magharibi, kwenye bonde la ziwa hilihili, wameshakamatwa machotara wa S. mansoni na S. rodhaini. Jeni za mnyoo wa panya zimeingia kwenye mnyoo wa mtu, kumaanisha kwamba ndugu hao waliachana bila kufunga mlango. Kwa cox1 pekee nisingewaona baadhi yao. Ndiyo maana nitasoma ITS kwa kadi zote, hata zile nilizoziona hazina neno.

Jumatatu nimwandikie msimamizi: naomba kibali cha kutega panya kwenye mafunjo ya mwalo huu na kuwapima konokono wa hapahapa, siku zilezile tunazochukua sampuli za watoto. Na nijibu swali lake la pembeni: mti ni wa wote watatu, mnyoo, konokono na mwenye mwili. Mpaka sasa nimemchora mmoja.