Basi au Meli? Tulivyochagua Njia ya Kwenda Filipi

Akina mama wenzangu, mtu anaweza kukosea huku akidhani anasaidia. Mimi yalinipata.

Mwaka 2023 kikundi chetu cha usharika kilikuwa kinajiandaa kwenda Ugiriki kuona miji aliyopita Mtume Paulo. Tulikuwa tumeweka akiba kwa miaka minne. Mama mkwe wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 71, alichangiwa na watoto wake wote. Wakala wa safari alituletea mapendekezo mawili: siku nane kwa basi tukiwa na mwongozaji, au siku nne kwa meli ya utalii na siku mbili za kukaa Athene. Fedha zetu zilitosha safari moja tu.

Mimi ni muuguzi, na magoti ya mama mkwe nayafahamu vizuri. Basi nilisimama kikaoni nikaitetea meli.

Meli ina uzuri wake

Melini unapanga nguo zako kabatini mara moja tu. Usiku wewe umelala, meli inakwenda. Asubuhi unaamkia mji mwingine. Chakula kimo ndani ya nauli, na aliyechoka ana kitanda karibu. Meli za safari fupi zinazoondoka Piraeus, bandari ya Athene, huzunguka visiwa kama Mykonos, Patmo, Rodo, Krete na Santorini, na huvuka hadi Kusadasi nchini Uturuki. Kutoka hapo hadi magofu ya Efeso ni kama kilometa 20. Huko utaona ukumbi mkubwa wa michezo, unaokadiriwa kuwa ulichukua watu 25,000, ambako ghasia za wafua fedha ziliishia. Patmo kuna pango linaloheshimiwa kuwa mahali Yohana alipopewa ufunuo, na juu ya kilima kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088. Patmo ndiyo niliyoitamani mimi tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili.

Hata hivyo meli ina mambo yake. Katika bandari nyingi mnakaa saa chache tu. Matembezi ya nchi kavu, vinywaji na ada ya wahudumu mara nyingi hulipiwa mbali. Santorini meli hutia nanga nje, abiria wakashushwa kwa mashua, kisha hupanda mlima kwa gari la waya au kwa ngazi karibu 600. Mwezi Julai na Agosti upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu, na nahodha anaweza kuipita bandari uliyoingoja mwaka mzima. Tena, kwa kuwa meli hutoka Ugiriki kwenda Uturuki na kurudi, Mtanzania anahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, na masharti ya Uturuki ayaulize mapema.

Swali nililolisahau

Usiku ule nilikuwa namkanda mama mkwe magoti. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo meli inafika kwenye mto wa yule mama muuza nguo?"

Alikuwa anamsema Lidia, muuza nguo za zambarau, ambaye habari zake ziko katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Mama huyu, baada ya kufiwa na mumewe, alisomesha watoto sita kwa kuuza vitenge sokoni. Mmoja wao ndiye mume wangu.

Nilikosa la kujibu. Filipi iko nchi kavu, zaidi ya kilometa 150 kutoka Thesalonike, na meli ile haikuwa na bandari yoyote upande huo. Kwa miaka minne nilikuwa nimempima presha na kumpangia dawa, lakini sikuwahi kumwuliza anatamani kuona nini.

Katika kikao kilichofuata niliomba radhi, nikaeleza aliyoniuliza. Wengi waliafiki basi. Patmo nikaiacha, na sitasema kwamba haikuniuma.

Safari yenyewe

Basi nalo lina ugumu wake. Tuliamka saa kumi na mbili asubuhi na kufunga masanduku karibu kila siku. Kutoka Thesalonike hadi Athene ni kama kilometa 500, na sisi tulipitia Beroya na Meteora. Nilimwombea mama kiti cha mbele, na kila basi liliposimama nilimshusha atembee kidogo ili miguu isivimbe. Meteora monasteri nyingi zina ngazi nyingi, lakini ile ya Mtakatifu Stefano hufikiwa kwa daraja fupi, naye aliingia. Akropoli ya Athene ina lifti kwa wasioweza kupanda, tangu mwishoni mwa 2020. Areopago mawe yanateleza. Huko alitungoja chini.

Filipi tulifika siku ya pili. Kijito kiko nje kidogo ya magofu, maji yake ni meupe na ya baridi. Mama alivua viatu, akakaa kwenye ukingo wa mawe, akatia miguu majini. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu naye lazima alikuwa na wateja wa kukopa." Tulicheka wote, naye akafuta machozi kwa kanga yake.

Usiku goti lilivimba. Nikaomba barafu hotelini.

Kabla hujalipa

1. Mwulize kila msafiri mahali pamoja ambapo hataki kupakosa, kisha tazameni ni njia ipi inafika hapo.

2. Omba bei kamili kwa maandishi, pamoja na yasiyomo ndani yake.

3. Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hakikisha inafaa melini pia, maana daktari wa meli hulipwa.

4. Dawa za presha na kisukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, na zizidi siku za safari.

5. Mjamzito aulize mapema: meli nyingi hazimpokei aliyefikisha wiki 24.

6. Melini nawa mikono kwa sabuni kila mara, kwani kuhara na kutapika huenea upesi.

Mama asiyeweza kuhama kitanda kila usiku bado nitamshauri meli, lakini nitamwuliza kwanza. Magoti ya mama mkwe sasa hayamruhusu safari nyingine. Patmo sijaiona. Nimeanza tena kuweka akiba kidogo kidogo, Mungu akijalia.