Lori Lililoshuka Kimya

Kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari kuna sentensi fupi inayopendwa sana na watunga mitihani: puuza msuguano. Na mimi niliipenda. Ukiupuuza msuguano hesabu inakuwa nyepesi. Kitu kinateleza mpaka chini, nishati yote kiliyokuwa nayo juu inageuka kuwa mwendo, unapiga mstari chini ya jibu na kwenda swali linalofuata.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya fizikia Dar es Salaam, na jioni tatu kwa wiki nafundisha misingi ya fizikia kwenye chuo kimoja cha masuala ya anga. Wanafunzi wangu wana miaka kumi na tisa, ishirini. Wachache watakuwa marubani, wengi watakuwa mafundi wa ndege. Kitabu chao kiko kwa Kiingereza, maelezo yangu ni nusu kwa nusu, na maswali yao karibu yote ni kwa Kiswahili.

Jioni moja tulikuwa kwenye mada ya kutua. Niliandika ubaoni: ndege ya tani 60 inagusa ardhi kwa kasi ya mita 70 kwa sekunde. Nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena: megajuli 147. Nikawauliza, nishati hiyo inakwenda wapi ndege ikisimama? Maana haipotei. Sehemu inachukuliwa na hewa, sehemu inaondolewa na injini zinapogeuza msukumo kuelekea mbele, na inayobaki inaangukia kwenye breki. Breki hazina pa kuipeleka ila kwenye joto.

Niliwaeleza vile vibamba vinavyoinuka juu ya bawa mara tu ndege inapogusa chini, ambavyo abiria wa dirishani hudhani vimeharibika. Kazi yake mojawapo ni kuua ile nguvu inayoinua bawa, ili uzito wa ndege ukae kwenye matairi. Msuguano unataka mkandamizo. Tairi lisilobeba uzito ni kama halina breki. Nikawaeleza pia vizibo vidogo vilivyomo kwenye gurudumu, vilivyotengenezwa viyeyuke joto likizidi kiwango, ili naitrojeni itoke kabla tairi halijapasuka. Mwisho nikawaambia wasisahau kasi inazidishwa mara mbili. Rubani akija na kasi iliyozidi kwa asilimia 10, nishati inazidi kwa asilimia 21.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Madam, megajuli 147 ni kiasi gani? Yaani tukilinganisha na kitu tunachokijua."

Nilijibu bila kufikiri: "Chukua lori la tani 50, lenye mzigo. Lishushe mlimani mita 300 kwenda chini." Nikapiga hesabu ubaoni. Elfu 50, mara 9.8, mara 300. Ikatoka 147 vilevile. Darasa likacheka kwa kufurahi jinsi namba zilivyokubaliana. Mimi niligeuka kufuta ubao, ingawa haukuwa umejaa.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Nilipokuwa darasa la sita, lori lake lilifeli breki akishuka Mlima Kitonga, akitoka Zambia na shehena ya shaba kuelekea bandarini. Alilielekeza kwenye ukingo upande wa mlima, likajikwaruza na kulala. Yeye alivunjika mbavu. Utingo wake, kijana tuliyemwita kaka, aliyekuwa akiniletea karanga kila safari, alikatwa mguu wa kushoto juu ya goti. Tajiri alisema dereva alikimbiza gari, akamfukuza kazi. Baba alisema alishuka kwa gia nzito kama inavyotakiwa, na breki zilikuwa mbovu tangu safari ianze. Nyumbani tulimwamini baba. Nilikua na hasira na tajiri yule kama wengine wanavyokua na dini.

Nadhani hata fizikia niliichagua kwa sababu hiyo. Nilitaka siku moja niipige hesabu ile, nimtetee.

Usiku ule, baada ya darasa, niliipiga. Kwa kila mita 100 ambazo lori la tani 50 linashuka kwenda chini, kuna megajuli 49 za kutafutiwa mahali. Hizo zinatosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Ukiweka gia nzito, injini inakuwa inazungushwa na matairi, inagoma, na kiasi kikubwa cha nishati hiyo kinatokea kwenye injini. Breki unazigusa tu. Ukitoa gia, nishati yote iliyokuwa ya injini inahamia kwenye breki. Zinapata moto, zinaanza kunuka, kisha msuguano wenyewe unapungua kadiri joto linavyopanda. Unakanyaga zaidi, unapata kidogo zaidi.

Lakini si namba zilizonikosesha usingizi. Ni jinsi baba alivyozoea kusimulia ajali ile. Kila mara alisema maneno yaleyale: "Kulikuwa kimya. Nasikia upepo tu dirishani, na kijana anamtaja Mungu." Nimeisikia labda mara hamsini. Lori lililo kwenye gia nzito, likisukumwa na mzigo wake mteremkoni, haliwezi kuwa kimya. Injini ingepiga kelele mpaka bonde lote lisikie.

Likizo ilipofika nilipanda basi kwenda Makambako. Tulipopita Kitonga sikuangalia dirishani.

Baba siku hizi anauza spea katika kibanda kando ya barabara kuu. Nilimkuta anapanga mafani belti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekonda."

Tulikaa mpaka jioni kabla sijauliza. Nilimuuliza kama mwanafunzi anayeuliza swali la darasani: kwa nini gari lilikuwa kimya? Hakushtuka. Alikunja kitambaa alichokuwa anafutia mikono, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilitoa gia," alisema. "Tulikuwa tunatoa wote, pale mwanzo ambapo si pakali. Nikasema narudisha kabla ya kona. Gari likawa limeshashika kasi, gia ikakataa kuingia."

"Kwa ajili ya dizeli?"

"Dizeli iliyobaki ilikuwa yetu, mama. Tunaiuza Dar. Wewe ulikuwa bweni. Ulidhani ada ilitoka kwenye mshahara?"

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekwenda na hesabu tayari, na hesabu haikuwa na mahali pa kuiweka ada.

Baadaye, tukifunga kibanda, aliniuliza bila kunitazama: "Wewe umesoma. Kama ningeacha gia mle mle, tungefika chini?"

Ningeweza kumwambia kwamba breki zilikuwa mbovu pia, jambo ambalo huenda ni kweli. Ningeweza kusema haiwezekani kujua. Nilisema, "Nadhani mngefika, baba."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa matokeo ambayo ameshayajua. Kisha akatoa simu mfukoni akanionyesha miamala. Kila mwezi, jina lilelile, elfu thelathini, elfu arobaini, mwezi mwingine elfu kumi na tano. Nilijua huwa anamtumia kaka pesa. Siku zote nilidhani ni huruma tu.

Muhula ulipoanza nilitunga jaribio. Swali la mwisho halikuwa na ndege. Lori la tani 50 linashuka mlima mkali. Dereva anasema alikuwa kwenye gia nzito. Shahidi anasema lilipita kimya. Eleza, kwa kutumia nishati na msuguano, nini kilitokea. Hakikupuuzwa chochote.

Wengi waliandika vizuri. Binti wa mstari wa mbele aliandika ukurasa mzima, na chini kabisa, kwa penseli, akaongeza sentensi ambayo sikuwa nimeiuliza: "Madam, inawezekana dereva hakuwa mwongo, aliogopa tu."

Nilimpa maksi zote, kisha nikampigia baba kumwomba namba ya kaka.