Malaika na Kitenzi cha Kuoa

Mwaka 1967 bendi ya vijana wa Sweden iitwayo The Hep Stars ilitoa santuri yenye wimbo wetu wa Malaika, wakauimba kwa Kiswahili. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yuleyule ambaye baadaye alivuma na kundi la ABBA. Wimbo ulipowafikia ulikuwa umekwisha kutembea. Fadhili William wa Kenya alikwisha kuurekodi (mzozo wa nani hasa aliutunga nauacha kando), na mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte walikuwa wameutia katika albamu yao ya pamoja.

Kisarufi, vijana wale wa Sweden hawana kosa. Msemaji wa wimbo ni mwanamume fukara anayetamani kuoa, nao ni wanaume. Anayetutatiza ni Makeba. Nilipokuwa nikifundisha kauli ya kutendwa kidato cha pili, mwanafunzi mmoja aliniuliza: “Mwalimu, ikiwa mwanamke huolewa, mbona mama yule anaoa?” Swali hilo lilinifurahisha kuliko majibu yote ya mtihani wa muhula ule.

Wapo wasemao kwamba mgeni hakujua lugha. Jibu hilo ni jepesi mno. Makeba alitoka Afrika Kusini, kwenye jamii zinazoijua lobola kama sisi tuijuavyo mahari. Hakuhitaji kamusi kuelewa kwa nini kijana asiye na mali hulia.

Tuupime wimbo wenyewe kwa mizani. “Ningekuoa” ina mizani tano. “Ungenioa” nayo ina tano. Mwimbaji wa kike angeweza kubadilisha viambishi viwili tu, na lahani isingetikisika hata kidogo. Lakini sababu ya kilio ni ukosefu wa mali, na mtoa mahari ni mwanamume. Akishasema “ungenioa”, hawezi tena kusema “sina”. Itambidi aseme “huna”. Mizani ni zilezile mbili, ila wimbo umekufa. Unyonge wa mtu anayejilaumu umegeuka masimango ya mwanamke anayemsuta mpenzi wake kwa ufukara. Huo si wimbo wa mapenzi tena, ni mpasho.

Ndiyo maana naona Makeba alifanya vyema kuuacha ulivyo. Amevaa sauti ya kijana, kama waimbaji wa kike wa taarabu wanavyoimba mashairi yaliyotungwa na wanaume, na kama washairi wa kiume wanavyotunga kwa nafsi ya mke. Sisi wa fani hii hatuna haki ya kulishangaa jambo hilo.

Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, waliurudia mwaka 1981 kwa mdundo wa kuchezea dansi. Hapo sina la kutetea. Umaskini wa kijana yule hausikiki kabisa. Angélique Kidjo wa Benin aliuingiza katika albamu yake ya Logozo ya mwaka 1991, naye kitenzi hakukigusa.

Sijapata kumsikia mwimbaji wa kike aliyethubutu kusema “huna”. Natamani kumsikia mmoja, japo mara moja tu, nione huyo malaika atakavyokimbia.