Safari ya Ushongo

Twapenda kuwasimulia safari tuliyoifanya mwezi wa Juni mwaka 2014, wakati wa likizo, kutoka Tanga mpaka Ushongo, kusini ya mto Pangani, kulala hemani ufukoni. Njia yenyewe si ndefu: kutoka Tanga hata Pangani ni kama kilomita 50, na kutoka ng'ambo ya mto hata Ushongo ni kama 15. Lakini siku zile njia ilikuwa ya changarawe na mashimo, na motokaa yetu ilikuwa na desturi zake.

Tulikuwa wanne: walimu wawili, seremala, na ndugu mwenye motokaa. Hatujafika mbali ikaanza kutoa mvuke. Tukasimama karibu na Tongoni, na tulipofungua boneti tukaona bomba la mpira lipelekalo maji kwenye rejeta limepasuka. Seremala akalifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ila injini ilikuwa moto, haiguswi. Basi tukaenda kuyatazama magofu, ambayo sote tumeyapita mara nyingi bila kushuka.

Pale pana msikiti uliobomoka na makaburi kama arobaini. Mengi yalikuwa na nguzo ndefu za mawe. Leo nguzo nyingi zimelala chini. Mahali pengine huonekana vishimo vya mviringo, ndimo zilimopachikwa sahani na bakuli za China, zamani watu wa mji huu walipofanya biashara na nchi za mbali. Na mbele yake, katika mafungu ya ghuba ya Mtangata, ndipo merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilipokwama mwezi wa Aprili mwaka 1498. Maji yalipojaa ikaelea tena, ikaenda zake hata Bara Hindi. Waliporudi mwezi wa Januari mwaka 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi wakaichoma moto huku huku.

Mwalimu mwenzetu akasema, "Kumbe tumepata mfano wa kuufuata! Kiberiti ninacho."

Tulicheka, ila mwenye motokaa hakucheka. Akatuambia kwa upole kwamba motokaa ile ilikuwa ya marehemu kaka yake, na kwamba kile kitambaa kilichofungwa kwenye usukani marehemu alikifunga kwa mkono wake. Tumejuana naye miaka mingi, na habari hii hatukupata kuisikia.

Kigombe tulipewa maji ya rejeta bure, tukanunua samaki. Pwani hii ya Tanga ndiyo ambayo nyavu za wavuvi zimemnasa mara nyingi silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani amekwisha kabisa duniani, hata mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Sisi tulipata changu wawili, nao walitutosha.

Pangani tuliingia alasiri. Mji huu wastahili kutembelewa siku nzima, maana ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mwezi wa Desemba mwaka 1889, baada ya kuwapiga vita tangu mwaka 1888. Lakini sisi hatukuona mengi, kwa kuwa tulikuwa tukigombana kando ya kivuko. Ng'ambo hatukumjua fundi hata mmoja, na mwalimu mmoja alitakiwa Tanga Jumatatu asubuhi kusahihisha mitihani. Wawili wakasema, motokaa na ibaki hapa, tutaipitia tukirudi. Mwenyewe akasema, "Ndugu zangu, nyinyi tangulieni. Mimi simwachi." Alisema "simwachi," kama asemaye habari za mtu. Hapo hakuna aliyejibu. Tukaisukuma sote mpaka juu ya kivuko, tukavuka.

Usiku tulilala Ushongo chini ya minazi. Mbele ya pwani ile kipo kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walikwenda huko kutaga. Miti ilikwisha, bahari ikala mchanga, na sasa maji yakijaa kisiwa chote hufunikwa. Kwa hiyo kasa wakitaga huko, mayai yao huhamishiwa ufukoni bara, na wanakijiji huyalinda. Siku ya pili, jua likiwa limeelekea kuchwa, kijana mmoja alitupigia hodi hemani, akatuita. Tukaona watoto wa kasa wakitoka mchangani, kila mmoja mdogo kuliko kiganja, wakiparamiana kuifuata bahari. Mwenye motokaa alisimama pale mpaka wa mwisho alipochukuliwa na wimbi, nasi tukamngoja.

Jumapili adhuhuri motokaa ikakataa kuwaka. Lori la nazi likatukokota hata kivukoni. Wenyewe wakakataa fedha, wakapokea mkungu wa ndizi tuliobaki nao. Pangani fundi akatubadilishia bomba, akasafisha na betri. Tulipofika Kigombe giza limeingia, yule mwalimu wa kiberiti akaomba yeye aendeshe. Mwenyewe akamwachia usukani, akimwonya asikiguse kile kitambaa. Tanga tuliingia saa nne ya usiku, taa moja ikiwaka.