Waini ya Laki Tatu kwa Buku Sita

Msomaji mpenzi, ukikuta kitu cha thamani kinauzwa bei ya kutupa, usikimbilie kukichunguza chenyewe. Mchunguze kwanza anayekiuza. Mara nyingi utakuta amebanwa: ana deni, hana pa kukiweka, au hana mteja anayekijua. Hayo sikuyatoa kitabuni. Niliyaona hapa hapa kwetu Ruanda, Mbozi (sisemi nchi ya jirani zetu, wala ile Ruanda ya Mbeya mjini), kwenye grosari ya mjomba, ambako kwa miezi minne ya mwaka 2023 waini ya Kifaransa ilikaa rafu moja na Konyagi.

Ilifikaje? Kwa njia ya Tunduma, maana hapa kwetu kila kigeni kinapita Tunduma. Malori yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanavuka Nakonde kuingia Zambia, mengine yanasonga mpaka Lubumbashi kwa wenye migodi. Mzigo ukikwama, mwenye mali hana karatasi au hana mshiko, unaingia ghala la forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema mzigo wa namna hiyo utangazwe, na siku 30 zikipita toka tangazo bila mwenyewe kujitokeza, unanadiwa. Dalali hajali kama ni waini ya wafalme au ndoo za plastiki. Kazi yake ni kumaliza mafungu kabla jua halijazama.

Mjomba alikwenda kufuata friji. Ndivyo alivyoaga nyumbani, na ndivyo alivyokusudia. Lakini mnadani hununui kitu, unanunua fungu, na fungu lenye friji lilikuwa pia na makasha mawili ya mbao, kila moja chupa kumi na mbili. Akalipa laki sita na nusu. Friji yenyewe aliipigia hesabu ya laki nne. Zilizobaki, laki mbili na nusu za kahawa yetu, zikawa zimelala ndani ya chupa. Na katika fedha hizo, ndugu msomaji, ndimo ilimokuwa ada yangu ya muhula wa pili chuoni.

“Mpwa wangu, wewe umesoma,” aliniambia usiku ule, “hebu soma haya maandishi.”

Nilisoma. Bordeaux, mwaka 2010, na picha ya jumba lenye minara. Nikaingia kwenye simu. Chupa ya namna ile, mwaka ule ule, London ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi laki tatu! Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akahamisha makasha kutoka dukani kwenda chini ya kitanda chake.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma biashara hii kwa bidii kuliko nilivyopata kusoma kemia. Nikagundua kwamba hata kwa wenzetu waini za majina hudondoka vivyo hivyo. Pale Bordeaux wafanyabiashara hununua mvinyo ungali kwenye mapipa. Wanalipa leo, chupa wanazipata baada ya mwaka na nusu au miwili. Mavuno ya 2009 na 2010 yaliuzwa kwa bei za kutisha, kwa sababu Wachina walikuwa wakinunua kama hawana akili nzuri. Mwishoni mwa 2012 serikali ya China ikaanza kampeni dhidi ya ufisadi, na zile zawadi za chupa kwa wakubwa zikapungua. Bei zikashuka, maghala yakabaki yamejaa. Tena kuna mtego mwingine: wakala akikataa fungu lake mwaka mbaya, anaogopa kunyimwa mwaka mzuri. Basi anachukua asichokitaka, kisha anakisukuma kimya kimya kwenye maduka ya bei poa, mbali na macho ya mwenye shamba, maana mwenye shamba hapendi kuona jina lake likipigiwa kelele ya punguzo. Hoteli ikifilisika, mambo ni yale yale. Duka kubwa likifa, vilivyokuwa rafuni hutafutiwa mnunuzi mwingine. Sisi wenyewe tumeyaona maduka hayo yakifa: Uchumi iliondoka Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt, iliyokuwa imenunua maduka ya Shoprite mwaka 2014, nayo ikaanguka miaka michache baadaye.

Kwa hiyo mvinyo haukuwa umepungua kitu. Uliwapoteza watu wake, basi.

Lakini kumpata mtu wake ndiyo kazi. Nilipiga simu hoteli moja ya Mbeya. Mhudumu wa vinywaji alikuwa mstaarabu, akaniuliza maswali matatu tu: chupa zilikuwa zimelazwa au zimesimamishwa? Ghala lilikuwa na joto kiasi gani? Karatasi za tangu shambani ziko wapi? Chupa yenye kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kisikauke. Kikikauka, hewa inaingia, na baada ya hapo una siki ya kuchovyea kachumbari. Mjomba alikuwa na risiti ya mnada, basi. Ya nyuma ya hapo hakuna aliyeyajua.

Na kuhusu karatasi, siwalaumu. Kuna jamaa anaitwa Rudy Kurniawan, Mwindonesia aliyekuwa akiishi Marekani. Alikuwa akichanganya waini za kawaida jikoni kwake, anabandika lebo za zamani, anawauzia matajiri kwa mamilioni ya dola. Alikamatwa mwaka 2012, akahukumiwa miaka 10 mwaka 2014. Walionunua kwake walikuwa wataalamu! Sasa nani ataiamini chupa iliyotoka chini ya kitanda cha mkulima wa kahawa wa Ruanda?

Tuliifungua moja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuandika kurasa tatu juu ya ladha yake, si ndiyo kazi ya mwandishi? Ilikuwa na uchachu, ukavu wa kukaza ulimi kama chai iliyochemka mno, na nyuma yake harufu ya mbao na ya tunda ambalo sijawahi kulila. Nadhani ilikuwa nzima. Mjomba alisema, “Hii haina sukari,” akashushia na maji. Shangazi alionja tone moja, akatutazama wote wawili kwa huruma.

Wateja wa grosari hukumu yao ilikuwa hiyo hiyo. Waini wanaijua, msiwadharau. Wanakunywa ya Dodoma, ile tamu, na wanajua bei yake. Kwa buku kumi na tano ziliuzwa chupa tatu, zote kwa madereva waliotaka kuwapelekea wake zao. Kisha kimya. Wiki zikapita, chuo kikatuma ujumbe wa pili wa ada.

Ikaja kamati ya harusi kutoka Vwawa. Walitaka kitu chenye lebo nzuri kwa meza ya mbele, bei iwe ya kibinadamu. Mjomba alinitazama. Nilimwambia, “Mjomba, wape.” Chupa ishirini, buku sita kila moja, laki na ishirini taslimu. Niliambiwa baadaye kwamba meza ya mbele walichanganya na Koka, ikapendwa sana.

Ada ilikamilika kwa gunia nne za mahindi. Makasha ya mbao yalibaki uani siku mbili tu. Mama mmoja anayeuza nyanya aliyaona, akayagonga kwa vidole, akasifu ubao, akayalipia buku tano kila moja bila kuomba kupunguziwa.