Paja la Kipa
Pale CCM Kirumba, kipa akikaa chini na kushika paja, jukwaa zima linajua: kocha ana maneno. Wenzake wanakimbilia benchi, wanakunywa maji, wanaelekezwa. Sheria za soka hazimpi kocha dakika ya kuita timu. Za kikapu zinampa. Besiboli ya Marekani humruhusu amfuate mrushaji mpaka uwanjani, ila kwa hesabu: mwaka 2018 ligi kuu yao iliipa kila timu ziara sita tu kwa mechi. Sisi tuna paja la kipa.

Mdogo wangu ni kipa. Jumapili, kwenye kiwanja cha mtaani, goti lake liliteguka kweli. Watu wakazomea. Mwamuzi akamsogelea: “Dogo, kocha wako akimaliza, inuka.”