Kofia ya Dola 299

Dada yangu alinipigia simu usiku kutoka Homa Bay. "Omera, ile kofia ya kusoma ubongo, unaweza kuniagizia?"

Nauza simu, chaja na kava mjini Migori, kwa hivyo kwetu chochote chenye waya naulizwa mimi. Alikuwa ameona video: mama mzungu amefumba macho, mkanda mwembamba kwenye paji la uso, bahari nyuma yake. Mkanda huo unaitwa Muse, wa kampuni ya InteraXon ya Toronto. Ulipoingia sokoni mwaka 2014 uliuzwa dola 299. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni kama 38,500, kabla ya usafiri na ushuru. Dada alikuwa na elfu hamsini, pesa za omena na zamu yake ya chama.

Nikapiga hesabu haraka. Mimi nisingekosa elfu nne hapo.

Biashara hii naijua. Bei ilikuwa 299, si 300, kama vile supamaketi zetu zinavyoandika 99 halafu ile shilingi ya chenji unapewa peremende. Jina nalo linauza. Kupima umeme wa ubongo si jambo jipya. Mjerumani Hans Berger alirekodi ule wa binadamu mwaka 1924. Mwaka 2009 Mattel iliuza teknolojia ya NeuroSky kama mchezo wa watoto, Mindflex: kaza mawazo, kampira kanaelea. Mwaka huohuo Emotiv ilitoa EPOC yenye vihisi 14, nayo dola 299, ikaipigia debe kwa wapenzi wa michezo ya kompyuta. Miaka miwili baadaye NeuroSky ikaleta MindWave kwa kama dola 100. Muse ikaja kuuza utulivu. Ubongo ni uleule, kinachobadilika ni sanduku.

"Sasa wewe unataka utulivu?" nikamtania.

"Utulivu wa nini? Nataka kujua kabla mtoto hajaanguka."

Nikanyamaza. Mpwa wangu ana miaka kumi na mmoja na ana kifafa. Nyumba yao iko hatua chache tu kutoka ziwani, na yeye hapendi kitu kama maji. Mara ya mwisho alianguka ufukweni, uso kwenye maji yasiyofika magotini. Mvuvi mmoja alimwona.

Usiku huo nilisoma yale maandishi madogo ambayo video haiyaonyeshi. Kifaa si cha kutambua wala kutibu ugonjwa wowote. Hakuna mahali kinasema kitakuonya mtoto akikaribia kuanguka. Yaani kinachouzwa si kile dada alichotaka kununua.

Jumapili nikapanda matatu hadi Rongo, nikabadilisha gari hadi Homa Bay. Nikamwambia yote, hata ile elfu nne. Aliendelea kuchambua omena bila kuniangalia.

"Na dawa anameza?" nikauliza.

"Zikiwepo."

Zikiisha kliniki, anangoja. Akikaa mwezi bila kuanguka, dada huona amepona, anapunguza. Hakuna aliyemwambia kwamba kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali zaidi. Dawa zenyewe hazina sanduku wala mama mzungu: vidonge vyeupe ndani ya bahasha ya kaki, kalamu imeandika 1x1. Nani angeamini kwamba kitu cha bei hiyo ndicho kinachofanya kazi?

Tulienda duka la dawa pamoja, tukanunua za miezi mitatu. Elfu hamsini haikuguswa sana. Tukakubaliana pia kwamba haogi ziwani bila mtu mzima.

Nikiondoka, mpwa wangu alinifuata hadi stendi.

"Nera, kofia yangu inakuja lini?"

Nikamwambia haiji. Akaniuliza kama ni kwa sababu ni ghali. Gari lilikuwa limejaa, makanga anapiga bodi, na mimi bado natafuta jibu.